Karakana ya bodi za Arduino: mali imo ndani ya kompyuta

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya umeme wamezoea kuhesabu mali kwa macho. Boksi likifika linafunguliwa, vipande vinahesabiwa, ankara inalinganishwa na mzigo, kisha bei inapangwa. Katika biashara ya bodi ndogo zinazoandikiwa programu, hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani haimo kwenye boksi. Imo kwenye kompyuta ya fundi, ndani ya folda ambayo mwenye mtaji mara nyingi hajawahi kuifungua.

Soko lenyewe limekua. Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kama kifaa cha kufundishia wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambayo chipu yake ya ESP32 ilitoka mwaka 2016, iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Shanghai mwaka 2019. Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza, ilitoa bodi ya Pico Januari 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani, na Juni 2024 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la London kwa penni 280 kila moja. Oktoba 2025, Qualcomm ya Marekani ilitangaza makubaliano ya kuinunua Arduino.

Kwa mfanyabiashara mdogo, faida iliyo karibu haipo kwenye hisa hizo. Ipo kwenye kutengeneza kitu kinachotumia bodi hizo: kidhibiti cha pampu ya maji, king'ora cha duka, au kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Kabla ya kutoa fedha, mwekezaji anapaswa kuelewa jinsi karakana ya namna hiyo inavyoandaliwa, na ni wapi mtaji unaweza kupotea bila kuibiwa na mtu.

Bodi yenyewe ni kitu gani

Chukua mfano wa Arduino Uno, bodi iliyoingia sokoni mwaka 2010 na ambayo nakala zake zimeenea kuliko nyingine nyingi. Moyo wake ni chipu ya ATmega328P. Ina nafasi ya kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na inakwenda kwa mwendo wa megahezi 16. Haina kioo wala kibodi. Inafanya kazi moja tu, ile iliyoandikiwa, na huirudia tangu inapowashwa hadi umeme unapokatika.

Kwa kuwa bodi haina kioo wala kibodi, haiwezi kuandikiwa programu peke yake. Programu huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, hutafsiriwa kuwa lugha ya chipu, kisha hupitishwa kwenye waya na kupakiwa ndani ya bodi. Vifaa vyote vya kazi hiyo kwa pamoja, yaani kompyuta, programu ya kuandikia, kitafsiri, draiva na maktaba za ziada, ndivyo mafundi wanavyoviita mazingira ya kazi. Kwa lugha ya biashara, hiki ndicho kiwanda. Bodi ni malighafi tu.

Hatua ya kwanza: kompyuta na programu ya kuandikia

Programu ya kuandikia ya Arduino haiuzwi. Inapatikana bure kwenye tovuti ya Arduino yenyewe, na hakuna sababu ya kuinunua kwenye diski au kwenye fleshi ya mtu. Toleo la 2, lililotoka rasmi Septemba 2022, linahitaji Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi. Aidha linafanya kazi kwenye Linux na kwenye kompyuta za Apple. Mwenye kompyuta kuukuu yenye Windows 7 bado anaweza kutumia toleo la 1.8.19. Hivyo mfanyabiashara asikimbilie kununua kompyuta mpya ati kwa sababu tu fundi amesema ya zamani haifai.

Kuna jambo la leseni ambalo mwekezaji anapaswa kulijua mapema. Maktaba za msingi za Arduino zina leseni inayoruhusu kutengeneza bidhaa ya kuuza bila kulazimika kutoa hadharani maandishi ya programu yake. Hata hivyo, leseni hiyo inamtaka muuzaji awawezeshe wateja kupata mafaili ya kati, yale yanayowezesha kuunganisha upya programu na maktaba mpya. Jina la Arduino nalo ni alama ya biashara. Michoro ya bodi ya Uno iko wazi na mtu yeyote anaweza kutengeneza inayofanana nayo, lakini si ruhusa kuibandika jina hilo. Nakala isiyo na jina ni bidhaa halali. Nakala yenye jina na nembo ya kuigiza ni bidhaa bandia, na mwagizaji anaweza kuipoteza forodhani.

Hatua ya pili: waya na draiva

Uno huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB wenye kichwa cha mraba, kama ule wa printa. Bodi nyingine hutumia waya kama ule wa simu, na hapo ndipo siku nzima huweza kupotea, kwa kuwa nyaya nyingi za simu hupitisha umeme wa kuchaji bila kupitisha data. Taa ya bodi huwaka, fundi hudhani yote ni sawa, ilhali kompyuta haioni kitu. Jaribio la kwanza liwe kubadili waya, kabla ya kuilaumu bodi.

Likifuata ni suala la draiva. Uno halisi hutumia chipu ya ATmega16U2 kuzungumza na kompyuta. Nakala nyingi hutumia CH340, chipu ya Kichina ya bei nafuu. CH340 si mbovu, ila kwenye Windows za zamani lazima draiva yake iwekwe kwanza. Draiva ikikubali, bodi hupewa namba ya poti, mathalani COM3. Kwenye Linux, bodi hujitokeza kwa jina kama ttyUSB0 au ttyACM0, na mara nyingi mtumiaji lazima aingizwe kwenye kundi liitwalo dialout ndipo aruhusiwe kuigusa.

Wafanyabiashara wanaodhani draiva ni jambo la mafundi peke yao wakumbuke yaliyotokea Oktoba 2014. Kampuni ya FTDI ya Glasgow, Scotland, ambayo chipu zake za USB zilikuwa zikighushiwa sana, ilitoa draiva mpya iliyofika kwa wateja kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilizitambua chipu za kughushi na kuzifuta namba ya utambulisho, kiasi kwamba kompyuta hazikuzitambua tena. Malalamiko yalikuwa makubwa na draiva hiyo ikaondolewa. Hata hivyo, somo lilibaki: mwenye stoo ya bidhaa bandia anaweza kulala akiwa na mali na kuamka akiwa na takataka, bila mtu kuingia stoo.

Hatua ya tatu: kuchagua bodi na kufanya jaribio

Ndani ya programu ya kuandikia, kwenye menyu ya Tools, fundi huchagua mambo mawili: aina ya bodi na namba ya poti. Akikosea aina ya bodi, upakiaji hugoma na ujumbe huja kwamba kifaa hakijibu. Bodi ndogo za Nano zina mtego wao. Nano za zamani na nakala zake nyingi zina kianzishi cha zamani kinachopokea data kwa mwendo wa 57,600, wakati zile mpya hupokea kwa 115,200. Katika menyu hiyo hiyo ipo nafasi ya kuchagua kianzishi cha zamani. Kuna mizigo mizima ya Nano iliyorudishwa kwa muuzaji kama mibovu, kumbe ilihitaji kubofya mara moja tu.

Jaribio la kwanza la kila fundi ni programu iitwayo Blink, inayowasha na kuzima taa ndogo ya pini namba 13 kila baada ya sekunde moja. Mwekezaji anayetaka kuhakikisha kwamba karakana inafanya kazi asiridhike na taa kuwaka na kuzima tu. Bodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa tayari na Blink ndani yake. Amwombe fundi abadili namba 1000 kuwa 200 na kupakia upya mbele yake. Taa ikianza kupepesa kwa haraka, hapo imethibitika kwamba kilichoandikwa kwenye kompyuta ile ndicho kilichoingia ndani ya bodi.

Baada ya kutafsiri, kompyuta huandika taarifa fupi kama risiti. Kwa Blink, husema programu imetumia baiti 924 kati ya 32,256. Kilobaiti 32 ni baiti 32,768; tofauti ya baiti 512 ni nafasi ya kianzishi. Risiti hiyo ni ya kuangaliwa kila mara, kwa kuwa inaonyesha nafasi iliyobaki. Programu ikifika asilimia 95, ombi la mteja la kuongeza kipengele kimoja linaweza kumaanisha kubadili bodi, na kubadili bodi ni kubadili bei.

Hatua ya nne: maktaba na kumbukumbu ya matoleo

Kidhibiti joto cha mashine ya vifaranga huhitaji kipimajoto. Kinachotumika sana ni DS18B20, ambacho kwa mujibu wa mtengenezaji kosa lake halizidi nusu ya digrii kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 85. Ili bodi ikisome, fundi hupakua maktaba mbili, OneWire na DallasTemperature. Hizi ni programu za watu wengine zinazopatikana bure, na hubadilishwa na wenyewe mara kwa mara.

Kwa sababu hiyo, karakana yenye nidhamu huwa na ukurasa mmoja ulioandikwa: toleo la programu ya kuandikia, toleo la kifurushi cha bodi, jina na toleo la kila maktaba, na aina ya bodi iliyochaguliwa. Programu iliyotafsiriwa vizuri mwaka jana inaweza kugoma mwaka huu kwa kuwa maktaba moja imesasishwa. Ukurasa huo ndio unaomwezesha fundi mwingine, kwenye kompyuta nyingine, kusimamisha kiwanda kile kile ndani ya saa chache. Usipokuwapo, atatumia siku nyingi kubahatisha.

Siku ya hamsini

Umuhimu wa haya yote unaonekana pale bidhaa inapokuwa tayari mikononi mwa wateja. Mayai ya kuku huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21. Tuseme kidhibiti hupima joto kila baada ya sekunde 2, kisha huwasha au kuzima rilei ya hita. Ili kujua sekunde 2 zimepita, programu huangalia saa ya ndani ya bodi, inayohesabu elfu za sekunde tangu umeme ulipowashwa.

Saa hiyo ina kikomo. Huhesabu hadi 4,294,967,295, kisha hurudi sifuri. Namba hiyo ni sawa na siku 49 na saa 17 hivi. Fundi mzoefu hutoa wakati wa kipimo kilichopita kutoka wakati wa sasa, na njia hiyo haina tatizo hata saa inaporudi sifuri. Fundi mgeni hujumlisha: huongeza sekunde 2 kwenye wakati wa sasa na kuiambia bodi isubiri hadi saa ifike hapo. Saa ikirudi sifuri wakati mbaya, hasa bodi ikiwa bado inangoja kipimajoto kijibu, programu inaweza kubaki ikisubiri wakati ambao hautafika kwa siku nyingine 49. Hita ikiwa imewashwa, itabaki imewashwa.

Siku 42 ni mizunguko miwili ya kutotoa. Ikiwa mzunguko wa tatu utaanza bila kupumzika, siku ya hamsini inaangukia siku ya 8 ya mzunguko huo, mayai yakiwa ndani. Jaribio la wiki moja karakanani halitaligundua kosa hilo. Isitoshe, kila umeme unapokatika saa huanza upya, hivyo mteja wa mahali umeme unapokatika mara kwa mara huenda asipatwe na tatizo kamwe. Atakayeumia ni yule mwenye umeme wa uhakika au jenereta nzuri, ambaye kwa kawaida ndiye mteja mkubwa.

Fundi mwenye maandishi ya programu hulirekebisha kosa hilo kwa mstari mmoja. Anaweza pia kuisogeza saa ya ndani karibu na kikomo chake na kuona kwa dakika chache yale ambayo yangechukua siku 50. Asiye na maandishi hana njia hiyo. Inawezekana kuinakili kutoka kwenye bodi ile programu iliyotafsiriwa, kama chipu haikufungwa, na kuipakia kwenye bodi nyingine. Lakini hilo ni kunakili kosa pamoja na kazi. Maandishi ya asili, pamoja na majina na maelezo ya mwandishi, hayatoki tena kwenye chipu.

Hesabu ya mfano

Tuchukulie mfanyabiashara anayetengeneza vidhibiti 40. Takwimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila mtu aweke zake. Vifaa vya kila kimoja ni shilingi 52,000 na bei ya kuuzia ni shilingi 90,000. Gharama ya vifaa ni shilingi 2,080,000, mauzo ni 3,600,000, hivyo pato ghafi ni 1,520,000. Akimlipa fundi 600,000 kwa kuandika programu, anabakiwa na 920,000.

Kosa la siku ya hamsini likajitokeza. Lazima wateja wote 40 wafuatwe, na kila safari ni shilingi 15,000, jumla 600,000. Ikiwa maandishi ya programu yapo, faida inashuka hadi 320,000, lakini biashara na jina vimepona. Ikiwa fundi ameondoka na kompyuta yake, inabidi programu iandikwe upya kwa 600,000 nyingine. Jumla ya matengenezo inakuwa 1,200,000, na faida ya 920,000 inageuka kuwa hasara ya 280,000. Hapo bado fidia ya mayai haijahesabiwa.

Tofauti ya pande hizo mbili ni shilingi 600,000. Kilichohitajika kuiokoa ni fleshi mbili na karatasi moja.

Mambo ya kuandikiana

Kwa kuzingatia hayo, makubaliano kati ya mwenye mtaji na fundi yasiishie kwenye bei na tarehe. Yaeleze kwamba maandishi ya programu ni mali ya aliyelipa, au kama ni ya fundi, basi mwenye mtaji anabaki na nakala na ruhusa ya kuitumia na kuirekebisha. Yaeleze pia kwamba malipo ya mwisho hutolewa baada ya folda nzima kukabidhiwa, ikiwa na maandishi, maktaba zilizotumika, na ukurasa wa matoleo.

Makabidhiano yafanyike kwa vitendo. Folda ihamishiwe kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuguswa na fundi yule. Programu ya kuandikia iwekwe upya, draiva iwekwe, maktaba ziwekwe kwa kufuata ukurasa, kisha programu itafsiriwe na kupakiwa kwenye bodi mpya. Ikipita, malipo yatolewe. Ikigoma, kuna kitu kimebaki kwenye kompyuta ya fundi, na ni nafuu kukitafuta siku hiyo kuliko siku ya hamsini.

Nakala moja ibaki karakanani na nyingine ikae mahali pengine, kwa kuwa moto na wezi hawachagui. Aidha, kazi ya kuunganisha rilei na umeme wa volti 230 ifanywe na fundi umeme anayestahili, na mashine iwe na kikata joto cha pekee kisichotegemea programu, ili bodi ikikosea kuwe na kitu cha kuzima hita.

Mwekezaji anayetembelea karakana ya namna hii kwa mara ya kwanza huonyeshwa rafu za bodi na droo za vipuri. Aziangalie, kwa kuwa nazo ni fedha. Kisha aombe kompyuta ya pili iwashwe, programu ipakiwe kutoka kwenye nakala ya akiba, na aitazame taa ya bodi. Ikipepesa kama ilivyotarajiwa, mtaji wake una mahali pa kukaa.